Ngozi na Kiangazi: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Kaliua



Nilikuwa nimeazimia kuanza na kemia; lakini maadamu jana jioni nilipita gulioni nikaona chupa za mafuta zenye jina la vitamini C zikiuzwa kwa bei ambayo mkulima wa tumbaku huipata kwa taabu, na muuzaji akinadi kwamba ngozi hulishwa kwa kupakwa, naona ni wajibu kuikabili kwanza dhana hiyo, ambayo imewaingia hata watu waliosoma.

Nitaifanyia insafu. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walibainisha kwa majaribio ya ngozi ya nguruwe kwamba asidi ya askobiki, yaani vitamini C yenyewe, hupenya kweli, ila kwa sharti kipimo chake cha pH kiwe chini ya 3.5, na kwamba kuizidisha kupita asilimia 20 hakuna faida. Hoja ya wapinzani wetu, basi, ina asili. Lakini asidi hiyo huharibiwa na mwanga, joto na hewa, na chupa iliyosafiri kwa lori kisha ikakaa mezani juani kutwa, ikageuka rangi ya kahawia, sijui imebakiwa na nini cha kumfaa mnunuzi. Baya zaidi, jina la vitamini limekuwa kisingizio cha mkorogo: wengi hawatafuti siha ya ngozi bali weupe, na katika kuutafuta huangukia zebaki na haidrokwinoni, ambazo serikali imezipiga marufuku katika vipodozi, na zebaki haiishii usoni, huzifikia figo. Tena, hata mafuta yaliyo safi kabisa hayamtoshi mtu ambaye mwili wake umekaukiwa vitamini hiyo.

Ushahidi wangu ni John Crandon, tabibu kijana wa upasuaji wa Boston, ambaye naona hakuna aliyeifunza elimu ya ngozi zaidi yake. Kati ya mwaka 1939 na 1940 aliacha matunda na mboga zote, akaishi kwa mkate, jibini, mayai, sukari na bia, huku akitumia vitamini nyingine ili pasiwe na shaka. Siku ya 41 vitamini C haikuonekana tena katika majimaji ya damu yake, na ngozi ikabaki salama! Alipokatwa jeraha mgongoni katika mwezi wa tatu, likapona. Siku ya 134 vipele vigumu vikatokea penye vinyweleo. Siku ya 161 damu ikavuja kuvizunguka miguuni. Na jeraha la pili, lililokatwa baada ya miezi sita, likafunga juu tu, chini yake pakiwa na bonge la damu, mpaka alipodungwa vitamini ile ndipo likapona.

Sababu yake ni hii: kolajeni, protini inayoikaza ngozi, ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, na vimeng'enya viikazavyo hufanya kazi kwa chuma ambacho vitamini C hukilinda; isipokazwa, kamba hulegea kwenye nyuzijoto 24 za Selsiasi, hali mwili wetu una 37.

Sasa tazameni kalenda ya Kaliua. Mvua hukatika kama mwezi wa tano na kurudi mwezi wa kumi na moja, yaani muda ule ule uliomvunja Crandon, na katika miezi hiyo nyumba nyingi hula ugali kwa nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vyakula ambavyo jua limekwisha kuondoa sehemu kubwa ya vitamini C yake. Marehemu bibi yangu, aliyefanya kazi katika mabani ya kukaushia tumbaku, alikuwa na vidonda vya mikono visivyopona upesi kila Septemba, na vikapona maembe yaivapo. Nakiri kwamba hii si hujja: moshi na hewa kavu navyo hupararisha ngozi, na huko Sheffield, Uingereza, wakati wa vita kuu ya pili, vijana waliokataa vita kwa ajili ya dhamiri walikingwa na kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C, kwa miligramu 10 tu za vitamini hiyo kwa siku, kadiri ambayo kisamvu chaweza kuitoa. Hata hivyo siamini kwamba kuepuka kiseyeye ndiko kuwa na ngozi nzima, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa humwekea mtu mzima miligramu 45. Mvuta tumbaku huhitaji zaidi.

Dawa ya upungufu huo ilikwisha kufika kwa njia ya misafara. Msafiri Stanley, mwaka 1871, aliikuta milimau, mipapai na miembe kandokando ya matembe ya Waarabu wa Unyanyembe, huko Tabora. Miembe ikatamalaki, lakini mpapai, ambao ukipata maji huzaa hata kiangazi, na gramu 100 za tunda lake zina kama miligramu 60, tumeuachia ndege. Naomba kila nyumba ipande mipapai nyuma ya bafu, pale maji yanapomwagika bure, miche mitatu katika kila shimo, na itakapotoa maua ing'olewe mipapai dume, abaki jike mmoja shimoni, na dume mmoja kwa majirani wote.