Kalemie–Moba: dakika 40 za ndege, siku ngapi za kungoja?

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa chama, Kalemie



Wengi wenu mlirudi toka Zambia kuanzia mwaka 2007, kwa meli, Mpulungu hadi Moba. Ziwa mnalijua kutushinda. Leo tunasema habari ya njia ya angani, kwa sababu sisi tunaozunguka vijijini tulikosea hesabu yake.

Toka uwanja wa Kalemie hadi ule wa Moba, ukipima moja kwa moja, ni karibu kilomita 145. Ndege ndogo ya injini moja inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Gawanya: nusu saa. Ongeza kupaa na kushuka, sema dakika 40. Hesabu hiyo si ya uongo. Ndiyo tuliyoandika kwenye mpango wetu, penye kusafirisha wagonjwa: «Moba–Kalemie, dakika 40». Wafadhili waliisoma, wakafurahi. Wanachama waliisikia, wakaamini.

Halafu, wakati wa mvua, tukapata mama mjamzito kule Moba, uchungu umemkamata kabla ya wakati. Tukaambia jamaa yake: msipande boti, ndege inakuja, ni dakika 40 tu. Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili uwanja umelowa, ndege haiwezi kutua. Siku ya tatu ndege ilitua, lakini uzito umejaa, na mgonjwa wa kulala anahitaji nafasi ya viti vingi. Bibi yake akatuambia kwa simu: «Mulisema dakika makumi ine, na sisi tuko hapa siku ya ine.» Usiku ule wakapanda boti. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Hatusemi boti ingemwokoa. Hilo anajua Mungu. Tunasema tuliwafungia njia moja kwa ahadi ya njia nyingine.

Basi, ndugu, dakika 40 ni za rubani. Safari ya mgonjwa inaanza mlangoni kwake: pikipiki, kungoja hali ya hewa, mizani, tena gari toka uwanja hadi hospitali. Ndege za misaada nazo zina karatasi zake na watu wake. Si basi la kusimamisha njiani.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kwenye mpango mpya tuandike muda wote, toka nyumba hadi kitanda cha hospitali, pamoja na siku za kungoja. Pili, pale Moba awepo mtu wa chama wa kupiga simu uwanjani kila asubuhi. Ikifika saa sita bila jibu la hakika, jamaa waambiwe ukweli, wachague wenyewe. Tatu, feza ya dharura isifungwe kwa tiketi ya ndege tu, itumike kwa boti pia. Wakati wa mvua uwanja ndio unasumbua; wakati wa kiangazi upepo wa kusini unachafua ziwa. Lazima tuwe na njia mbili.

Wafadhili wetu, mpango huu hautapendeza kama ule wa kwanza. Siku zitaonekana mingi, bei itapanda. Lakini bibi yule akiusoma, hataona uongo ndani.