Asili ya Neno "Kidnap"
Wasikilizaji, neno la Kiingereza "kidnap", yaani kumwiba mtu, lilianza Uingereza katika karne ya 17. "Kid" ni mtoto wa mbuzi, kisha likawa jina la mtoto wa mtu; "nap" lilikuwa neno la wezi, maana yake kunyakua. Walionyakuliwa, wakubwa kwa wadogo, waliuzwa Amerika wawe watumishi wa mashamba.

Peter Williamson alichukuliwa akiwa mtoto huko Aberdeen, Uskoti, mwaka 1743. Aliporudi na kuyaandika mambo hayo, wakubwa wa mji walikichoma kitabu chake. Hakunyamaza. Aliwashitaki, na mwaka 1762 mahakama ya Edinburgh iliamuru alipwe fidia. Neno la wezi limekuwa jina la kosa lao katika sheria.