Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama: Mazungumzo kwa Wakazi wa Salaita



Kilima cha Salaita kinajulikana kwa vita vya tarehe 12 Februari 1916, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliposhindwa kuwang'oa Wajerumani. Kisichosemwa sana ni kwamba nyanda hizi zilisumbua majeshi kwa kiu pia. Maji ya kambi ya Maktau yalivutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura. Zaidi ya miaka 100 baadaye, maji bado ni ya kutafutwa: kwenye silanga, chini ya ardhi au kwenye paa. Kila chanzo kina hatari yake, na dawa ya hatari moja haiponyi nyingine.

Tuanze na silanga. Mvua inaponyesha, mkondo hubeba kinyesi cha mifugo, wanyamapori na watu hadi majini. Hapo ndipo hutokea kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Hatari hii huondolewa kwa moto. Maji ya tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yatokote dakika moja nzima na kuwekwa kwenye chombo chenye kifuniko. Asiye na kuni atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Chanzo cha pili ni kisima kirefu, na hapa ndipo wengi hukosea. Taveta iko chini ya Kilimanjaro, mlima wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba ya aina hiyo huweza kubeba madini ya floridi. Floridi haionekani wala hainuki. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiwango hicho kwa miaka huota meno yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa huumia.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki, na kipimo hupanda. Mama anayechoma kuni kila jioni huua vijidudu, lakini floridi humfikia mtoto vilevile. Njia ya kujua ni kupima maji kwenye maabara. Kila kamati ya kisima inafaa kuwa na matokeo ya vipimo na kuyabandika mahali watu wote watayasoma. Kisima kikionekana kuwa na floridi nyingi, maji yake yatumike kufua na kuosha, na ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine, watoto wadogo wakipewa kipaumbele.

Kwingine huko kwaweza kuwa paa la nyumba, kwa sababu maji ya mvua huwa na floridi kidogo mno. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 40 likipata milimita 20, hiyo ni lita 800, karibu mitungi 40 ya lita 20, ukiondoa yanayomwagika. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe.

Ardhi nayo itunzwe. Mti ukikatwa kwa ajili ya makaa, udongo hubaki wazi, mvua huubeba, na silanga hujaa tope na kukauka mapema. Ziwa Jipe ni funzo la karibu: udongo na matete vimeziba sehemu yake kubwa. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto, angalau mita 6 na hadi mita 30 kila upande. Silanga nalo lizungushiwe ua, na mifugo inyweshwe kwenye birika nje.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo huanza kudaiwa kwa swali ambalo kila mkazi anaweza kuuliza kisimani: maji haya yalipimwa lini, na matokeo yako wapi?