Namba za Kubuni Wodini: Uaminifu wa Mwanafunzi wa Udaktari



Ukitajwa udanganyifu chuoni, fikra hukimbilia chumba cha mtihani: karatasi ndani ya soksi, simu iliyofichwa chooni, desa la herufi ndogo. Hayo yana wasimamizi na kamati ya nidhamu, na anayekamatwa anajua atadisko. Mada yangu inahusu udanganyifu usio na msimamizi, unaofanyika kwa kalamu halali, wodini, alfajiri.

Fungueni mafaili ya wodi iliyojaa, mtazame safu ya upumuaji. Si ajabu mkakuta 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda. Joto limepimwa, kwa kuwa kipimajoto kinatoa namba chenyewe. Mapigo yamesomwa kwenye kifaa cha kidoleni. Upumuaji unataka usimame kando ya mgonjwa na kutazama kifua chake dakika nzima, na kwa mwanafunzi aliyefika kitanda cha thelathini dakika hiyo ni anasa. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, basi anaandika 20 na kusonga mbele. Hakuna atakayemuuliza.

Mtu huyohuyo akihamia wodi ya watoto, tabia anahama nayo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifika mara 50 kwa dakika. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40. Kwa mtoto mwenye kikohozi, hiyo ni dalili kuu ya nimonia. Wa miezi minane anayepumua mara 56 akiandikiwa 36, daktari wa zamu inayofuata ataiamini karatasi, naye ana haki ya kuiamini. Mama atasema mwanawe hahemi vizuri, na faili litambishia.

Ndiyo maana naiogopa namba ya kubuni kuliko karatasi ya soksini. Aliyeibia mtihani amejiongezea maksi. Aliyepika namba amemrithisha mwenzake uongo wenye saini.

Wapo wanaosema ni utoto, wataacha wakishaajiriwa. Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani uliofukua kumbukumbu za chuoni za madaktari 235 walioadhibiwa na mabaraza ya taaluma, wakawalinganisha na 469 wasioadhibiwa. Waliokuwa na dosari za mwenendo wakiwa wanafunzi walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi wa kuja kuadhibiwa. Dosari iliyotia fora ilikuwa kutowajibika kulikokithiri, ikifuatiwa na kutojirekebisha unapokosolewa.

Walimu nasi tusijitoe. Tunamtaka kila mwanafunzi ajaze kwenye logibuku idadi fulani ya akina mama aliowazalisha, kisha tunawasimamisha kumi na wawili mbele ya kitanda kimoja. Mmoja anadaka mtoto, kumi na mmoja wanachungulia mabegani, na wote wanaandika “nimezalisha”. Sisi tunasaini mistari hiyo koridoni, mguu mmoja ukielekea kliniki, bila kuisoma. Hapo nani kamfundisha mwenzake kudanganya?



Napendekeza logibuku iwe na safu tatu: niliona, nilisaidia, nilifanya, na idadi inayodaiwa ishushwe ilingane na wagonjwa waliopo. Pili, mwanafunzi aandike “sikupima” pasipo kufokewa mbele ya wagonjwa. Nafasi tupu inamwambia daktari akahesabu mwenyewe. 20 ya uongo inamwambia akalale. Tatu, kwenye raundi bingwa achague mgonjwa mmoja, ahesabu upumuaji wake dakika nzima wote wakitazama, ndipo faili lifunguliwe.

Najua la pili lina wapinzani humu ukumbini, hasa wanaohofia kwamba wavivu watajificha nyuma ya “sikupima”. Naomba mjadala uanzie hapo.