Tundu Kwanza, Gundi Baadaye
Mada iliyotolewa kwa vijana wanaojifunza kukereza kalamu



Leo hatutazungumzia mashine ya kukereza, bali kazi mbili zinazoitangulia: kutoboa kipande cha mbao na kugundisha kibomba cha shaba ndani yake. Kalamu inayopasuka mfukoni mwa mnunuzi mara nyingi imeharibikia hapa, ingawa fundi haoni kasoro hadi siku ya lawama.

Wengi wenu mnatumia mabaki ya mpingo. Mti huo huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Kipande kikipasuka kwa biti isiyofaa, hakuna duka litakalotuuzia miaka hiyo.

Kwanza, tupime kibomba kabla ya kuchagua biti. Kalamu nyembamba ya kawaida ina vibomba viwili vinavyohitaji biti ya milimita 7. Aina nyingine huhitaji milimita 8, 10 au zaidi, kwa hiyo tusome maelezo ya vifaa na tuhakikishe kwa kalipa. Biti za inchi zinataka uangalifu. Robo inchi ni milimita 6.35, kibomba hakitaingia. Inchi 9/32 ni milimita 7.14, kitaingia na kubakiza nafasi kidogo. Inchi 5/16 ni karibu milimita 8. Kitacheza na hakitakaa katikati, hata tukijaza gundi namna gani. Tujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa cha mbao ileile. Kibomba kiingie kwa kusukumwa na kidole, kisigongwe nyundo wala kisicheze.

Pili, mpingo ni mgumu na joto huupasua. Tutumie biti kali, tutoboe polepole, na tuitoe biti mara kwa mara kuondoa unga. Tukiona moshi, tusimame, kipande kipoe. Kipande kiwe kirefu kidogo kuliko kibomba, ili biti ikimegua upande inakotokea, tupakate.

Tatu, gundi. Supa gluu hushika kwa sekunde chache. Inafaa pale ambapo kibomba kimekaa sawasawa na mkono ni mwepesi. Ukisita, kibomba hukwama katikati ya njia. Epoksi, ile ya mirija miwili, hujaza nafasi na kutupa muda wa kusahihisha. Kwa anayeanza, na kwa tundu lililolegea kidogo, tunashauri epoksi. Ile iliyoandikwa dakika 5 huanza kushika kwa muda huo, lakini bado haijapata nguvu zake zote. Tuiache hadi kesho yake.

Kabla ya kupaka, tukwaruze kibomba kwa msasa, tufute mafuta ya mpingo ndani ya tundu kwa asetoni na kuliacha likauke, kisha tuzibe midomo ya kibomba kwa nta ya mshumaa ili gundi isiingie ndani. Madirisha yawe wazi. Tusukume huku tukizungusha, gundi ienee pande zote. Mahali palipokosa gundi ndipo mbao inapopasukia kwenye mashine.

Mnunuzi haoni tundu wala gundi. Anachoona ni kalamu inayodumu, na hiyo ndiyo itakayomrudisha kununua nyingine.