MAGONJWA YA UKOO WA NDUI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Gakoromone, Meru)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, mama zetu wa mboga, wachukuzi, mafundi wa cherehani, na ndugu zetu wa bucha mlioacha kazi kuja kusikiliza,

Katibu aliniomba niseme juu ya mpox, maana kila mtu mwenye kipele sasa anatazamwa vibaya hapa sokoni. Nitasema, lakini kwanza yafaa mjue ukoo wake. Asiyejua ukoo humwita kila mtoto kwa jina la mwenzake, na katika magonjwa kosa hilo ni ghali.

Virusi si bakteria. Ni kitu kidogo mno, hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya seli ya mwili. Virusi vya ukoo wa ndui ni vikubwa kuliko virusi vingine vingi, na baadhi vina umbo kama tofali. Hata hivyo ukivipanga 2,000 kwa mstari mmoja havitimizi milimita moja. Virusi vingi vya aina ya DNA huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kutumia vyombo vilivyomo. Hivi hubaki nje ya kiini, kwa kuwa vimekuja na vyombo vyao, kama fundi ajaye na sanduku lake mwenyewe. Dawa za kuua bakteria, hizi tunazonunua vidonge viwili viwili dukani, haziviwezi hata kidogo.

Ndui yenyewe iliua kama watu 3 katika kila 10 walioipata. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu na mfanyakazi kama sisi: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alipanda gari kwa muda mfupi tu, kuonyesha njia kwa watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wagonjwa wa ndui. Homa ilipompata alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga, akarudi nyumbani. Tazameni jambo hili: ni ndani ya hospitali, katika nchi iliyokuwa ikiwindwa ndui kila kijiji, na bado macho yalidanganyika mara mbili. Bahati njema alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Tetekuwanga, ingawa inafanana, si wa ukoo huu kabisa. Ni ndugu wa mkanda wa jeshi.

Tunao mtoto mmoja wa ukoo huu aliyepewa jina la mto wetu. Maji ya Kathita yanayopita hapa mjini huishia Tana, na huko chini, kwa Wapokomo, mwaka 1957 na tena 1962 watu walipata homa ya siku chache, kisha uvimbe mmoja au miwili ya ngozi, ikapona yenyewe baada ya wiki kadhaa. Waganga walikuta virusi vipya wakaviita kwa jina la Tana. Inadhaniwa mbu ndio huvibeba kutoka kwa nyani. Havijulikani kupita kutoka mtu hadi mtu.

Ndugu zetu wa machinjio, hili ni lenu. Mbuzi au kondoo mwenye vidonda vya mdomo aweza kukuachia virusi vya ukoo huu penye mkwaruzo wa kidole. Uvimbe hutokea, hujaa maji, hutisha, kisha hupona kwa muda wa wiki sita hivi. Msiupasue kwa kisu. Lakini pia msijiambie, "Aa, ni ule wa mbuzi tu," kwa maana kimeta nacho huanza kama kipele mkononi mwa mchinjaji, kisha huwa kidonda cheusi kisichouma. Kimeta ni bakteria, chaweza kuua, na dawa yake ipo ikiwahiwa. Kwa hiyo onyesheni mkono kwa daktari, na mwambieni kazi yenu ni ipi, asipoambiwa hataikisia.

Sasa mpox. Ilionekana kwanza katika nyani wa maabara huko Copenhagen mwaka 1958, na kwa binadamu mwaka 1970, mtoto mdogo wa Kongo. Wanyama wanaodhaniwa kuihifadhi hasa ni wa jamii ya panya na kindi. Mwaka 2023 aina mpya ilianza kuenea kutoka Kamituga, Kivu ya Kusini, na tarehe 31 Julai 2024 Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta. Ugonjwa ukafuata barabara kuu, na madereva wa malori wakawa miongoni mwa waliopatikana nao. Hili halishangazi: barabara ndiyo kazi yao, kama ilivyo kwa vijana wetu wanaopeleka miraa.

Tangu kuambukizwa mpaka kuugua ni siku 1 hadi 21. Huja homa, maumivu ya kichwa na mgongo, tezi za shingo au kinena huvimba, na vipele hutoka usoni, viganjani, nyayoni, au sehemu za siri tu. Hupita kwa kugusana ngozi, kwa kujamiiana, kwa shuka na nguo za mgonjwa. Kuvimba tezi kwaweza kuitofautisha na tetekuwanga, lakini si kwa hakika. Hakika hupatikana maabara: kidonda hupanguswa kwa kijiti chenye pamba, kikapelekwa kupimwa kwa PCR. Damu peke yake haitoshi. Basi yule anayepiga kelele sokoni kwamba fulani ana mpox, nauliza, yeye amepima kwa nini?

Mgonjwa huambukiza mpaka magamba yote yameanguka na ngozi mpya imefunga, yaani wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo penye taabu yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa aliyetimiza miezi miwili kazini, akiwa na cheti cha daktari, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, katika mwaka mzima. Jumla 14. Mwenye kuugua siku 28 atakula nini zile zilizobaki? Na mchukuzi wa magunia, anayelipwa kwa gunia, hana hata siku moja. Huyo atavaa shati la mikono mirefu na kubeba mizigo, nami siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo naomba kamati ipokee mambo mawili kabla ya mkutano kufungwa. Kwanza, mwanachama aliyeambiwa na daktari akae nyumbani, meza yake au zamu yake ilindwe na jirani mpaka arudi. Pili, tukate shauri leo kila mmoja atatoa shilingi ngapi kwa wiki kwa mfuko wa wagonjwa, na nani ataushika. Mwenyekiti, nadhani ndugu wa bucha ana swali juu ya kidole chake.