Samaki wa Mti na Adui Wake Maji



Ufundi wa Wakamba wa kuchonga miti umejulikana mbali. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, alijifunza kwa Wazaramo kuchonga sanamu, akarudi kwao na ufundi huo. Basi mkono uwezao kumchonga twiga hautashindwa kuchonga samaki mdogo wa kuvulia, yaani chambo cha mti. Lakini twiga hukaa juu ya meza, na samaki huyu hutupwa majini. Hapo ndipo fundi wa Ikutha hukuta shida asiyoizoea.

Kwanza ni mti wenyewe. Mpingo haufai kwa chambo cha kuelea, maana huzama kama jiwe. Hutakiwa mti mwepesi, kama ile ya nyika inayotobolewa mizinga ya nyuki, nao uwe umekauka kivulini majuma mengi. Mti mwepesi hunywa maji upesi, hasa katika ncha zake, mahali mishipa yake ilipokatwa. Mtu mwenye haraka hukipaka chambo rangi siku ile ile aliyokichonga. Asubuhi kinang'aa, jioni kimevimba, rangi imebanduka, nacho kimeinama upande mmoja. Kazi ya siku mbili imepotea, na kitoweo hakikupatikana.

Yapasa matundu yote ya waya na ndoana yatobolewe kwanza, kisha mti ulainishwe kwa msasa, ndipo uzibwe. Uchovywe katika mafuta ya kitani au vanishi nyepesi, utundikwe kwa waya. Ncha na matundu yatiwe mara mbili, kwa kuwa maji huingia kwa mlango mdogo. Mafuta ya kitani hukauka polepole, pengine siku kadhaa, na hapana njia ya mkato. Tena matambara yaliyolowa mafuta hayo yasirundikwe nyumbani. Huweza kushika moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje mpaka yakauke.

Mwenye mizinga atauliza, je, nta haifai? Yafaa kwa chambo kisichopakwa rangi. Chini ya rangi haifai kabisa, kwani rangi haishiki juu ya nta. Watu wa pwani nao hupaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, kuzuia maji. Lakini harufu yake si ya kila nyumba.

Baada ya kuziba, ipakwe rangi nyeupe mwili mzima. Ikikauka, mgongo upakwe rangi ya kijani au nyeusi na tumbo liachwe jeupe, maana ndivyo samaki wengi walivyoumbwa. Jicho likolezwe. Mwisho vanishi mara mbili, kila mara ikikauka kwanza.

Barabara itokayo Kibwezi kwenda Kitui huvuka Mto Athi kabla ya kufika Ikutha. Katika mto huo, wakati wa mvua, maji huwa mekundu kwa udongo, na kambare hutafuta chakula kwa harufu na kwa sharubu zake. Kwake yeye mnyoo hushinda rangi yoyote. Chambo cha mti ni cha maji maangavu na cha samaki awindaye kwa macho. Maji hayo hayo ya Athi huitwa Galana huko chini, kisha Sabaki, yakaingia baharini karibu na Malindi, ambako kuna nguru na kolekole. Na chambo kikinaswa na kisiki katika Athi, heri kuukata mshipi kuliko kuingia majini kwenye mamba.

Kabla ya kufungwa ndoana, chambo kitiwe katika karai la maji usiku kucha. Maji machache ya kuoshea yatosha. Asubuhi kikielea kama kilivyoelea jioni, ki tayari. Kikiwa kimezama zaidi, kikaushwe, rangi iparuzwe, na kazi ianzwe tena kwenye matundu.